Muulize Fundi: Bastola Yangu Inagoma, Ninunue Fataki Gani?

Barua za safari hii karibu zote zimetoka kwa wasomaji wetu walioko Marekani, wanaoshiriki mashindano ya kulenga shabaha kwa mtindo wa kauboi. Kwa asiyeujua mchezo: bastola mbili za silinda zinazovutwa nyundo kwa kidole gumba, bunduki ya leva (unavuta mkono wa chini yake kuingiza risasi), shotigani ya zamani, kofia pana, na shabaha za chuma zinazolia ukizipata. Saa ya mwamuzi inahesabu, na kila shabaha unayoikosa inakuongezea sekunde 5. Chama kikubwa cha mchezo ni SASS (Single Action Shooting Society), kilichoanzishwa mwaka 1987. Wengi wao hujaza risasi zao wenyewe nyumbani, yaani wanatia fataki (kile kikombe kidogo cha kitakoni kinachowasha moto), baruti na kichwa kwenye ganda, na hapo ndipo maswali yanapozaliwa. Waliouliza bei ya mabuti wanisamehe, mimi ni mtu wa vyuma.

Shikamoo Fundi. Nina Ruger New Vaquero mbili za .357, nazipigia risasi za .38 Special. Nilimpa fundi mmoja azilainishe, akaweka springi nyepesi. Sasa nyundo inavutika vizuri mno, lakini karibu kila steji (awamu moja ya mashindano) kuna risasi inayogoma. Nikiizungusha silinda na kuigonga tena, mara nyingi inalipuka. Natumia fataki za CCI 500. Wenzangu wananiambia niachane nazo ninunue za kampuni ya Federal. Nifuate ushauri wao? — Msomaji, Arizona

Marahaba, mwanangu. Wenzako hawakukudanganya, ila wamerukia jibu kabla ya kuitazama risasi yenyewe. Hilo la kugoma pigo la kwanza na kulipuka la pili ndilo lililonifanya niiweke barua yako mbele.

Fataki ni kikombe kidogo cha metali laini. Ndani yake kuna unga unaolipuka ukifinywa, na mdomoni kimewekwa kijichuma chenye miguu, ambacho ndicho fuawe. Pini inabonyeza kikombe, unga unafinywa kati ya kikombe na fuawe, moto unapenya tunduni kwenda kwenye baruti. Haya yote yanataka miguu ya fuawe iwe imekanyaga sakafu ya kishimo cha ganda. Usipoisukuma fataki mpaka mwisho, pigo la kwanza la nyundo linaimalizia kazi uliyoiacha: linaikalisha tu. Nguvu imeishia hapo. Pigo la pili linaikuta imetulia, nayo inalipuka.

Kwa hiyo kabla hujatoa dola mfukoni, chukua risasi ulizokwisha kujaza, upitishe ncha ya kidole kwenye kitako cha kila moja. Fataki iliyokaa sawasawa iko chini kidogo ya uso wa kitako, kati ya inchi 0.003 na 0.005. Kidole kinakuambia bila kipimo: unatakiwa usikie kibonde, siyo usawa, na hata kidogo siyo kimlima. Mwenye shaka asimamishe risasi juu ya kioo bapa, ikiyumba basi fataki imejitokeza. Halafu angalia maganda ambayo bado hayajapata fataki. Yakiwa yamepigwa mara nyingi bila kusafishwa kishimo, masizi hujikusanya pembeni na fuawe haifiki chini hata ukikaza mkono. Kikwangulio kidogo kinatosha.

Nina sababu ya kuanzia hapa. CCI zina sifa ya kuwa na kikombe kigumu kidogo, na wengi huzihisi nzito wakati wa kuzisukuma, hasa kwenye mashine za kuvuta mkono mmoja zinazofanya kila kazi kwa mpigo. Mtu anahisi ukinzani, anadhani amefika, kumbe bado. Kwa kibanio cha mkono, kile cha kukalishia fataki tu, unaisikia vizuri zaidi inapogota.

Ukishahakikisha zimekaa zote na bado zinagoma, hapo sasa springi imeshtakiwa kwa haki. Lipime jambo lenyewe. Chukua maganda matupu, tia fataki tu, bila baruti wala kichwa cha risasi. Nenda nayo kwenye uwanja wa kulengea, vaa miwani na kinga ya masikio, uyapige moja moja. Usijaze silinda nzima, kwa sababu fataki iliyopigwa peke yake hurudi nyuma kutoka kwenye kishimo na kuikwamisha silinda. Usidhani umevunja kitu. Tazama alama ya pini. Alama nyembamba na ya juujuu kwenye fataki iliyokaa vizuri ina maana nyundo haina nguvu ya kutosha.

Sasa tuje kwa Federal. Ni kweli kwamba wachezaji wengi wa mchezo huu huziona Federal kuwa nyepesi kulipuka kuliko nyingine zote, Winchester na Remington zikifuata, CCI mwishoni. Kwa .38 Special unatafuta Federal 100, na kwa bastola za fataki kubwa ni Federal 150. Ukizinunua, bastola yako huenda ikaacha kugoma siku hiyohiyo.

Lakini mimi siipendi bastola inayochagua chakula. Kati ya 2020 na 2022 fataki ziliadimika Marekani nzima. Kabla ya hapo boksi la 1,000 lilikuwa karibu dola 30 hadi 35; wakati wa uhaba watu walilipa zaidi ya dola 100, na maduka yakaweka kikomo cha kununua. Waliokuwa na springi za wastani walichukua walichokikuta rafuni wakaendelea na mchezo. Waliokuwa wamelainisha bastola zao mpaka zikawa zinakubali Federal peke yake walibaki wanazunguka madukani. Springi za badala za Ruger zinauzwa kwa nguvu mbalimbali. Kama fundi wako amekuwekea nyepesi kuliko zote, mwambie apande ngazi moja au mbili. Utapoteza ulaini usiozidi unywele, na utapata bastola inayokubali angalau aina mbili za fataki. Risasi moja iliyogoma inahesabiwa kama shabaha uliyoikosa, sekunde 5. Hakuna springi duniani inayokurudishia sekunde hizo.

Kwa hiyo: kalisha fataki, safisha vishimo, pandisha springi, na Federal ije mwisho.

Habari za kazi, Fundi. Kwenye mnada wa vifaa vya marehemu mmoja wa klabu yetu nimenunua maboksi ya fataki kwa bei nzuri sana. Nilipofika nyumbani nikaona baadhi ni za raifo, ndogo na kubwa. Mimi napiga .38 Special na .45 Colt. Vipimo vya upana naona ni vilevile. Naweza kuzitumia? — Dada wa Texas

Salama, dada yangu, na poleni kwa msiba. Umeona sawa upande wa upana: ndogo zote zina inchi 0.175, na kubwa zote inchi 0.210, ziwe za bastola au za raifo. Tatizo limejificha kwenye kimo na unene.

Kubwa za raifo ni ndefu kuliko kubwa za bastola. Ukizitia kwenye ganda la .45 Colt zitajitokeza nje ya kitako hata uzisukume vipi, na risasi yenye fataki iliyotokeza inaweza kulipuka mahali usipotaka. Hizo usizijaribu kabisa. Muuzie mwenye raifo kubwa ya kuwindia, atafurahi.

Ndogo za raifo zina kimo sawa na ndogo za bastola, kwa hiyo zinaingia kwenye .38 na kukaa vizuri. Ila kikombe chake ni kinene, kimetengenezwa kustahimili shinikizo la raifo. Bastola yenye springi ya kiwandani mara nyingi itazilipua; iliyolainishwa itakuaibisha mbele za watu. Ukiamua kuzitumia, zipeleke kwenye mazoezi, anza upya na kipimo cha chini cha baruti kilicho kwenye kitabu cha kujazia risasi, uziweke mbali na risasi za mashindano.

Na kwa kuwa umenunua vitu vya mtu mwingine, jambo moja zaidi. Angalia kama kuna maganda ya .45 Auto kwenye fungu lako, yale ya bastola za modeli ya 1911. Mengine yana kishimo kidogo na mengine kikubwa, na kwenye ndoo yanafanana. Mtu akijaribu kusukuma fataki kubwa kwenye kishimo kidogo huku mashine inakwenda kasi, anaiponda. Yachague kwa macho, ganda moja moja, kabla hujakaa kwenye mashine. Na ukihisi mkono umekataa kwenda, usiulazimishe.

Fundi, napiga .45 Colt yenye kichwa chepesi na baruti kidogo ili bastola isiruke. Mlio unatofautiana: moja kali, moja kama imekohoa. Ndani ya mtutu naona punje za baruti ambazo hazikuungua. Na siku nyingine silinda inakuwa nzito kuzunguka baada ya risasi mbili tatu. Nimesikia fataki za magnamu ndizo dawa. — Mpigaji wa Oregon

Una magonjwa mawili, ndugu yangu, na dawa unayoitaja inagusa moja tu.

Ganda la .45 Colt ni la mwaka 1873. Lilichongwa kubeba baruti nyeusi, karibu grani 40 (grani ni kipimo kidogo cha uzito), ganda limejaa tele. Baruti za leo zina nguvu, kwa hiyo kipimo chepesi kinakaa ndani kama wali wa mtoto kwenye sufuria ya harusi. Ukichomoa bastola kwenye ala, mdomo ukiwa chini, baruti inamwagikia upande wa kichwa cha risasi, mbali na moto. Ukiinua mdomo juu, inarudi kwenye fataki. Risasi ileile inatoa mwendo tofauti kutegemea ulivyoinyanyua. Hapo ndipo fataki ya magnamu inaposaidia: moto wake ni mwingi na unadumu kidogo zaidi, unaifikia baruti popote ilipolala. Federal 155 na CCI 350 ndizo za ukubwa huo. Winchester wao wana moja kubwa ya bastola, WLP, inayouzwa kwa matumizi yote mawili. Ukibadilisha, shuka hadi kipimo cha kuanzia kitabuni uanze kupanda tena, maana fataki tu inaweza kubadilisha shinikizo.

Silinda nzito ni habari nyingine. Risasi ikilipuka, fataki inajisukuma nyuma na kuegemea ukuta wa bastola. Kwenye risasi ya kawaida shinikizo linalisukuma na ganda lenyewe nyuma, likaifunika fataki tena, kila kitu kikawa sawa. Kwenye risasi hafifu kupita kiasi ganda linabaki palepale mbele, fataki imebaki nje, na inakwaruza ukuta kila silinda inapogeuka. Toa maganda yako uyaangalie: nina hakika utaziona zimechungulia. Magnamu haitakuponya hapo, inaweza hata kuzidisha. Ongeza baruti kidogo ndani ya mipaka ya kitabu, kunja mdomo wa ganda ushike kichwa kwa nguvu, au rudi kwenye kichwa kizito zaidi ambacho kinaipa baruti kitu cha kusukuma.

Nakuomba pia usishindane na sheria. SASS wanataka mwendo usiopungua futi 400 kwa sekunde, na uzito wa kichwa kwa grani ukizidishwa na mwendo na kugawanywa kwa 1,000 usipungue 60. Kichwa cha grani 200 kwa futi 600 kinakupa 120, maradufu ya kinachotakiwa, na bado hakitingishi mkono wa mtu mzima. Anayeshuka chini zaidi ya hapo ananunua tatizo. Ile risasi "iliyokohoa" siku moja itaacha kichwa katikati ya mtutu, na inayofuata ikipigwa nyuma yake mtutu unavimba au kupasuka. Ukisikia mlio wa ajabu, simama, elekeza mdomo kwenye shabaha, usivute tena mpaka mtutu umeangaliwa. Mwamuzi akipiga kelele ya kukusimamisha usibishane naye.

Shikamoo Fundi. Kijana wangu anaanza mchezo na bunduki ya leva, nakala ya Winchester 1873 ya .38. Nimesikia risasi zikipangana kwenye bomba lililo chini ya mtutu zinaweza kulipuliana. Je, fataki laini za Federal ni hatari kwake? — Baba, Missouri

Marahaba, na hongera kwa kumshika kijana mkono mapema.

Kwenye bomba la bunduki hizi, pua ya kila risasi inaegemea fataki ya iliyoko mbele yake. Ndiyo sababu tunatumia vichwa vyenye pua bapa: uso wake mpana unagusa kitako kizima badala ya kuchoma fataki katikati. Kichwa chenye ncha hakina kazi kwenye bomba, iwe fataki laini au ngumu. Ukifuata hilo na fataki zikakaa chini ya uso wa kitako, Federal zinatumiwa na wachezaji wengi wa leva.

Kinachonitisha mimi ni fataki iliyotokeza kwenye 1873 ikichezwa kwa kasi. Bolti inakuja mbele kwa nguvu, na kama fataki imejitokeza au pini imechelewa kurudi nyuma, risasi inaweza kulipuka kabla mlango haujafunga vizuri. Gesi na vipande vya shaba vinatokea juu, karibu na uso wa mpigaji. Kwa hiyo risasi za mtoto zikague mwenyewe, kidole kwa kidole. Miwani ya kinga asiivue hata akiwa ameketi anaangalia wengine, maana vichwa vya risasi kwenye chuma hurudisha vipande. Na bunduki ikigoma, ifumbuliwe iangaliwe pini. Usikubali mtu akuambie "itazoea".

Fundi, gereji yangu Florida ni ya joto na unyevu. Nihifadhi wapi fataki, na ni ngapi zinaruhusiwa nyumbani? Mke wangu anauliza zaidi yangu. — Msomaji

Msikilize mkeo. Gereji ya Florida si mahali pake. Ziweke ndani ya nyumba, penye ubaridi na ukavu, mbali na moto na mbali na baruti. Kanuni ya NFPA 495, ya shirika la Marekani la kinga dhidi ya moto, inayofuatwa sehemu nyingi Marekani, inaweka kikomo cha fataki 10,000 kwenye makazi ya mtu; mji wako unaweza kuwa na masharti makali zaidi, ulizia kituo cha zimamoto.

Ziache kwenye vifungashio vya kiwandani. Umeona boksi la Federal lilivyo kubwa kuliko la wengine kwa idadi ileile? Zimetenganishwa makusudi, moja isiwashe jirani yake. Mtu anayezimimina zote kwenye chupa ya kioo ili zikae "nadhifu" ametengeneza bomu kabatini. Kwa sababu hiyohiyo watengenezaji wa baadhi ya vibanio vyenye trei huandika ni aina zipi zisitumike humo. Soma karatasi iliyokuja na chako.

Ukinunua kwa kuletewa, kuna ada ya mzigo wa hatari, na hutozwa kwa shehena, siyo kwa boksi. Changeni na wenzako wa klabu muagize pamoja.

Na mikono: unga wa fataki za kawaida una madini ya risasi ndani yake, na vumbi lake limejaa kwenye mashine ya kusafishia maganda. Nawa kwa sabuni kabla hujashika chakula au mtoto.

Ya haraka haraka.

*Napiga baruti nyeusi, je, natakiwa magnamu?* Hapana. Baruti nyeusi inashika moto kirahisi, fataki ya kawaida inatosha. Wapo wanaosema magnamu hupunguza masizi. Mimi sijaona cha kunishawishi nilipe zaidi. Kazana tu ganda lijae, pasibaki nafasi ya hewa.

*Fataki zote za shotigani ni namba 209, kwa nini kitabu kinataja kampuni?* Kwa sababu kuingia shimoni ni jambo moja na ukali ni jingine. Federal 209A inajulikana kwa moto mkali, na ukiitia kwenye kipimo kilichoandikwa kwa fataki pole, shinikizo linapanda. Kwenye shotigani usibadilishe kitu chochote cha kipimo: fataki, baruti, kikombe cha plastiki wala ganda. Kama huna fataki iliyotajwa, tafuta ukurasa mwingine wenye uliyonayo.